Namna ya Kuutafiti Mgongo wa Kuli

Ndugu mtafiti, kibali umepata na dodoso umechapa. Kabla hujaingia sokoni kuuliza kama kupakia magunia kunaharibu mgongo, shika haya matano.

1. Wahi alfajiri. Ofisini hutakuta kumbukumbu za wagonjwa: kibarua asiyekuja halipwi, wala hakuna anayeandika kwa nini hakuja. Simama karibu na Fuso utazame. Kuli anakunja kipande cha gunia begani, anainama, wenzake wawili wanamtwika, naye anapita juu ya ubao unaonesa. Hesabu safari zake.

2. Beba mizani. Gunia linaloitwa la kilo 100 likifungwa lumbesa linazidi hapo. Mlinganyo wa kunyanyua mizigo wa NIOSH, taasisi ya Marekani, wa mwaka 1991 unaanzia kikomo cha kilo 23, tena mtu akiwa katika hali nzuri kabisa ya kunyanyua. Ukiandika uzito wa kukisia, umemwibia kuli ushahidi wake.

3. Mhoji pembeni. Mbele ya msimamizi atakujibu, "Mimi mzima, bosi," kwa sababu akionekana mbovu, kesho haitwi. Dodoso la nchi za Nordiki la mwaka 1987 linauliza maumivu ya miezi 12 na ya siku 7. Anza na siku 7. Mwaka mzima nani anaukumbuka? Lina mchoro wa mwili pia: mpe aguse panapouma.

4. Usiabudu picha. Mwaka 1990 Scott Boden na wenzake walitoa matokeo ya picha za MRI za watu 67 ambao hawajawahi kuumwa mgongo; takribani theluthi walikutwa na kasoro za wazi. Kwa hiyo kasoro pekee haitoshi kuihukumu kazi, na picha safi isikufanye umwite anayeumwa mwongo.

5. Watafute walioacha. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ukiwapima walioko sokoni tu, utatoka na takwimu tamu kwamba makuli wana migongo ya chuma, kumbe umewapima waliosalimika. Ulizia majina ya walioondoka, wafuate makwao, nao wahesabu. Bajeti isiyo na nauli ya kuwafuata irudishwe ikapangwe upya.

Ukimaliza, wasomee makuli majibu kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha uwapelekee wanaopanga ujazo wa gunia. Ikiwa uzito umeonekana kuumiza, sema wazi upunguzwe, na utaje ni kwa kilo ngapi.