Barua ya Wazi kwa Mwenye Bango

Lubumbashi

Bwana Mkurugenzi wa Wafanyakazi,

Nimeliona bango jipya getini: Mzungu, Mchina, Mkongomani na mama mmoja mwenye kofia ya mgodi, wote wanacheka. Chini mmeandika: "Sisi ni jamaa moja." Nimelisoma vizuri, maana foleni ya mlango wetu sisi watu wa sutretansi, tulioajiriwa kupitia kampuni ya katikati, ni ndefu, mtu analisoma hata mara kumi kabla ya kuingia.

Jamaa moja, sibishi. Vumbi la shaba linatuingia kifuani bila kuuliza kabila. Tofauti ni ndogo tu: ninyi mna kantini, sisi tunakula bukari na sombe chini ya mwembe. Dereva wenu na mimi tunaendesha lori la aina moja, shimo moja, zamu moja. Yeye ana mkataba wenu. Mimi nina mkataba wa miezi mitatu wa kampuni ya katikati, ambayo mmiliki wake ni Mkongomani, kama sheria ya mwaka 2017 inavyotaka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, na kweli mwenyeji amepona: mmoja, yule mwenye kampuni.

Wazee wetu hawakubahatika kupata bango. Mwaka 1941, mji huu ukiitwa Élisabethville, wafanyakazi weupe wa kampuni ya migodi ya Union Minière walipogoma kudai mshahara, weusi nao wakadai wao. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira, askari waliwafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, akauawa. Laiti gavana wa Kibelgiji wa wakati ule angekuwa na mchora mabango kama wako! Angemchora Mpoyi akicheka kando ya Wabelgiji, na risasi zingebaki ghalani.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema kazi sawa na ujuzi sawa vilipwe sawa, lakini sitaki kukuchosha kwa sheria. Naomba kitu kidogo, kisichohitaji rangi wala mpiga picha. Kando ya lile bango, bandika karatasi mbili za mshahara: ya dereva wenu na yangu. Majina yafute, tarakimu ziache.

Foleni ni ndefu. Muda wa kusoma tunao.

Ni mimi, ndugu yako wa mlango wa nyuma.