Shukrani kwa Glavu ya Kushoto: Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: SHUKRANI KWA GLAVU YA KUSHOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakuomba radhi kwa mwandiko huu. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndio uliobaki mzima, kwa kuwa ndio uliopata glavu. Ile jozi ya mwezi wa pili tuligawana mimi na mwenzangu wa zamu ya usiku: yeye akachukua ya kulia, mimi ya kushoto, kama supavaiza alivyoelekeza, ili kila mtu awe na kinga. Kwa hesabu za kamati yako, vibarua wawili wamekingwa. Kwa hesabu za kostiki, ile dawa kali ya kuoshea chupa, mikono miwili iko wazi. Nasikia hesabu zilizoingia kwenye ripoti ni zenu.

Mimi ni kibarua wa sehemu ya kuoshea chupa. Unatufahamu; ulipita na wageni ukatuonyesha kwa kidole kutoka mlangoni, umbali salama kabisa. Chupa zinazorudi kutoka baa zinakuja na kila kitu ndani, vichungi vya sigara, mende, mara nyingine mafuta ya taa. Mashine inazichovya kwenye maji ya moto yenye kostiki, zinatoka zinang'aa kana kwamba hazijawahi kukaribia baa. Ila kabla ya hapo lazima mtu afungue mfuko wa kilo 25, achote zile chenga nyeupe, azichanganye na maji. Mtu huyo ni mimi.

Mfuko wenyewe umeandikwa Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kwa hiyo sisi tukasoma picha. Ndani ya kisanduku chekundu kilichosimamia pembe, kuna kitu kinamiminwa juu ya kiganja. Kwa malezi yetu picha hiyo ina maana moja tu: mgeni ananawishwa, chakula kiko njiani. Tulikaa mwezi mzima tukiamini kwamba tunakaribishwa. Aliyetufumbua macho ni kijana wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Alisema kinachofuka pale juu ya kiganja si mvuke wa wali, ni nyama inaliwa, na kile kipande cha pembeni kinachomong'onyoka ni chuma. Kijana huyo hakuongezewa muda.

Nashukuru pia kwa mafunzo mliyotupa. Yalichukua muda ule ule ambao kalamu moja inahitaji kuzunguka watu 19. Tulisaini kwamba tumeelewa, halafu kila mmoja akapewa soda, ya kunywa. Tuliyoyaelewa kweli yalikuja baadaye, kwa walimu wengine.

Mwalimu wa kwanza alikuwa ndoo. Mwenzetu alitanguliza chenga, akamwagia maji juu, kama mtu anayetaka kukanda unga. Kostiki ikikutana na maji hupata moto yenyewe, bila jiko. Maji machache juu ya chenga nyingi yalichemka palepale na kumrukia kifuani. Kumbe utaratibu ni kinyume: maji ya baridi yatangulie, chenga zifuate kidogo kidogo huku unakoroga, uso ukiwa mbali na ndoo. Ni sentensi moja tu, Mwenyekiti. Ingetosha kwenye ile karatasi ya mahudhurio na nafasi ya kusaini ingebaki.

Mwalimu wa pili alikuwa sufuria la kantini. Ndoo ya plastiki ilipopasuka tuliazima sufuria, nalo lilikuwa la alumini. Likaanza kutoa povu na kutokota. Baadaye nilijifunza kwamba kostiki ikila alumini hutoa hewa ya haidrojeni, inayoweza kulipuka kwa cheche moja, na siku hiyo fundi alikuwa anachomelea bomba hatua chache kutoka pale. Sufuria lilitoboka. Kantini wakadai, wakalipwa ndani ya wiki. Sijawahi kuona fidia ya haraka kama ile hapa kiwandani, na nampongeza sufuria.

Wa tatu ni ngozi yangu mwenyewe. Kostiki inaingia kwa adabu ya mwizi. Ikiwa imechanganywa na maji mengi, mkono hauumi, unateleza tu, kama uliopakwa sabuni. Na ni sabuni kweli! Wanaopika sabuni za mche mtaani huchukua mafuta ya mawese wakachanganya na kostiki hii hii. Hapa kwetu mawese ni mimi. Inageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni, kisha inazidi kushuka chini, ikilainisha nyama njiani. Maumivu yanaweza kuchelewa saa kadhaa. Unamaliza zamu, unagombea daladala, unafika nyumbani, unakaa kula, ndipo mkono unaanza kuwaka. Kwa wakati huo umeshatoka nje ya geti, na kilichotokea nje ya geti hakihusiani na kiwanda. Ndiyo sababu lile bango la pale mapokezi, SIKU BILA AJALI, halijawahi kurudi sifuri. Wanasema mtu anayelibadilishia namba kila asubuhi ndiye pekee mwenye glavu mbili.

Sasa nije kwenye bomba la kuoshea macho. Ni bomba zuri, jipya, limepakwa rangi ya kijani, na limefungwa kufuli kwa sababu vibarua walikuwa wananawia miguu. Ufunguo uko kwa mtunza stoo. Kuupata kunahitaji fomu yenye saini mbili. Kostiki ikiingia jichoni inataka maji yanayotiririka papo hapo, kope zimeshikwa wazi, dakika 15 kwa uchache, ndipo safari ya hospitali ianze. Haisubiri mtu amalize chai. Siku ilipomrukia mwenzetu, tulimkimbiza kwa mama lishe wa getini, naye akammiminia usoni ndoo nzima ya maji yake ya kunywa, kisha akatuma mtoto akalete nyingine. Hakuuliza fomu. Jicho lile leo linatofautisha mchana na usiku. Kwenye daftari imeandikwa kwamba aliingiwa na vumbi.

Kwenye sanduku la huduma ya kwanza, kwa taarifa yako, mlikuwa na chupa ya siki. Najua hoja: hii kali, ile chachu, zitauana. Zinapouana hutoa joto, na uwanja wa vita ni jicho la mtu. Maji, Mwenyekiti. Maji mengi. Tunayo, yako nyuma ya kufuli.

Sheria ninaijua kidogo, Na. 5 ya mwaka 2003, ile inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Wewe unaijua zaidi. Ndiyo maana zikija tetesi kwamba wakaguzi wa OSHA wako njiani, hata sisi waoshaji tunaoshwa. Tunavishwa miwani, aproni, gambuti na glavu jozi kamili, bado zina harufu ya duka. Saa kumi jioni zinarudi stoo zikiwa safi. Nimewahi kuomba nizivae siku nyingine, nikaambiwa zitachakaa.

Nami si malaika, hilo nilitangulize kabla hujalisema wewe. Jikoni kwangu bomba la maji machafu liliziba, nikachukua kostiki iliyokwisha kuchanganywa, nikaitia kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, nikaiweka nyuma ya mlango. Haina rangi. Haina harufu. Jioni ile mwanangu wa mwisho, miaka minne, alimpelekea bibi yake akamwambia, "Bibi, nifungulie." Bibi alikuwa anachagua mchele. Akamwambia asubiri.

Nesi anayenifunga mkono ndiye aliyenieleza nini kingetokea bibi asingekuwa na mchele. Kostiki inaunguza njia ya chakula. Mtoto hatakiwi kutapishwa, maana ikipanda inaunguza mara ya pili, anatakiwa hospitali. Akipona, kovu hukaza koo wiki kadhaa baadaye, na madaktari wanalitanua tena na tena ili uji upite. Nesi alisema hayo akiwa anakata bandeji, hata hakuniangalia.

Likizo hii ya mkono, isiyo na malipo, imenipa nafasi ya kusoma. Huko Philadelphia, Marekani, kulikuwa na daktari wa koo, Chevalier Jackson, aliyeshughulika na watoto wengi waliomeza kostiki ya jikoni. Mwishowe aliacha kusubiri wagonjwa, akaanza kuwafuata wanasiasa. Mwaka 1927 ikapatikana sheria: kopo liandikwe neno SUMU kwa herufi kubwa, pamoja na maelezo ya nini kifanyike mtu akidhurika. Inakaribia miaka 100. Silaumu mtu, barua nyingine huchelewa, hasa zikipitia ofisi ya manunuzi.

Kwa hiyo maombi yangu ni madogo kuliko ya sufuria. Naomba glavu ya kulia. Naomba kufuli litolewe, na anayenawa miguu tutamsema wenyewe. Na kwenye kila mfuko, dumu na ndoo pabandikwe karatasi ya Kiswahili, iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuchota. Chupa za maji zenye kostiki zisitoke nje, hata mikononi mwangu. Mlinzi anipekue, nitanyoosha mikono yote miwili, ule wa kulia taratibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Kibarua, sehemu ya kuoshea chupa

Nakala: Mtunza stoo (tafadhali aje na ufunguo)
Mama lishe wa getini (ndoo mbili za maji, bado hajalipwa)