Mama Mkwe Apanda Nyandarua

Mama mkwe wangu ni mtu wa Likoni. Aliposema anataka kuyaona maporomoko ya Karuru, nilimweleza kwa adabu kwamba Hifadhi ya Taifa ya Aberdare iko juu sana, kwamba Aprili ni masika, na kwamba huko hata Wanyeri hufunga masweta mawili. "Mwanangu," akasema, "mimi nimekulia kwenye kusi." Hapo mkwe hana tena neno.

Gari lilikuwa Probox ya binamu yangu, inayobeba kabichi kutoka Mweiga. Mlinzi wa langoni aliyatazama magurudumu, akatazama mawingu, kisha akatutakia safari njema kwa sauti ya mtoa rambirambi.

Njiani nikajitia kuongoza watalii. Nikasema Joseph Thomson ndiye aliyeibandika milima hii ya Nyandarua jina la Lord Aberdare mwaka 1884, na kwamba Waingereza walipaona panafanana na kwao wakaleta hadi samaki aina ya trauti kutoka Scotland, wapate kuvua kama wako nyumbani.

"Na ukungu huu nao waliuleta wao?"

Nikahamia habari za hoteli ya Treetops, ambako Elizabeth alilala binti mfalme Februari 1952 akaamka malkia, baba yake akiwa amefariki usiku huohuo. Miaka miwili baadaye Mau Mau wakaiteketeza. Mama akataka kujua sisi tutashuka tukiwa nani. "Wagonjwa wa mafua," binamu akajibu, na papo hapo Probox ikazama.

Ilizama kwenye mianzi, hadi kwenye ekseli. Kanuni za hifadhi zinakataza kushuka garini. Tope lilituamuru tushuke. Nikasukuma. Gurudumu likazunguka, likanipaka kuanzia nywele hadi viatu, mimi niliyejitokeza kwao siku ya mahari nikinukia marashi. Mama, akiwa ndani ya mablanketi na chupa ya chai mapajani, akateremsha kioo kidogo: "Sukuma kwa kiuno, mkwe, si kwa mdomo!" Nyati mmoja alitoka kichakani, akatukagua, akarudi alikotoka. Nadhani hata yeye alisitiri macho.

Tulifika Karuru alasiri. Maporomoko ya mita 273, yanayoshuka kwa hatua tatu, yalikuwa mbele yetu. Twajua kwa sababu yalinguruma. Kilichoonekana ni weupe mtupu juu, chini na kando. Binamu akapiga picha ya weupe ule, akaipiga tena kwa upande mwingine.

Jioni mjini Nyeri, miguu ikiwa karibu na jiko la makaa, mama akapiga simu Likoni. Akayaeleza maporomoko hatua kwa hatua, rangi ya maji, na upinde wa mvua juu yake. Akamtia na chui.

"Kama hamniamini," akasema, "huyu hapa mkwe wangu, muulizeni."

Nikapokea simu. Nikasema chui walikuwa wawili.