Kikao cha Watunza Siri

Swali linaloandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia hupita mikono mingi kabla jibu halijarudi: kivinjari, mtandao wa simu, injini ya kutafutia, tovuti yenyewe na kampuni za matangazo. Kila mmoja huona sehemu yake. Katika mazungumzo haya wamekaa kikao ndani ya simu moja, mwenye simu akiwa amelala. Mwenyekiti ni Mzee Kufuli, alama iliyozoeleka kando ya anwani za tovuti.

KUFULI: Jana usiku mwenye simu alitafuta dawa ya bawasiri. Leo tangazo la dawa hiyo limemtokea akisoma habari za Simba na Yanga, shemeji yake yuko ubavuni. Nani kavujisha?

HALI FICHE (akirekebisha miwani myeusi): Si mimi. Alipofunga dirisha langu la faragha nilifuta historia yote.

KUFULI: Ya wapi?

HALI FICHE: Ya humu simuni. Anayeazima simu haoni kitu. Tovuti iliona, mtandao uliona, na angeingia kwenye akaunti yake ningemwonyesha kwa jina.

KUFULI: Kumbe miwani unavaa wewe, anayeonekana ni yeye.

HALI FICHE: Hata watumiaji wa Google walilalamika hivyo mahakamani mwaka 2020. Mwaka 2024 kampuni ikakubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu.

KIDAKUZI (cookie): Shikamoo babu. Alfajiri alirudi kwenye tovuti ya duka linalouza dawa hiyo kwa dirisha la kawaida, kuangalia bei. Kampuni ya matangazo iliyojibanza kwenye ukurasa ikanipachika humu na namba yangu. Alipofungua tovuti ya michezo, kampuni ileile ilikuwepo, ikaisoma namba. Wallahi jina lake silijui. Najua anaumwa wapi tu.

KUFULI: Unazuiwaje?

KIDAKUZI: Vivinjari vya Safari na Firefox hutubana bila kuombwa. Kwenye Chrome mwenyewe aingie kwenye mipangilio atufungie.

INJINI: Namba si jina. Hakuna aliyeumia.

KUFULI: Mwaka 2006 kampuni ya AOL ilifikiri hivyo. Ilitoa hadharani maswali takribani milioni 20 ya watu wapatao 650,000, majina yakiwa yamegeuzwa namba. Waandishi wa New York Times walifuatilia maswali ya namba moja mpaka wakamfikia mwenyewe. Mtu huuliza ugonjwa wake, mtaa wake na ukoo wake; akimaliza amejitaja.

INJINI: Basi asiyetaka aende DuckDuckGo, wanaoahidi kutohifadhi historia ya mtafutaji. (Kwa kunong'ona) Wengi hawaendi.

LAINI: Mimi nimesajiliwa kwa alama za vidole, jina lake ninalo. Ukurasa alioufungua sikuusoma, maana Mzee Kufuli huyafunga yaliyomo. Nimeona jina la tovuti tu. Bahati mbaya tovuti yenyewe imepewa jina la ugonjwa.

VPN: Nipeni mimi kazi hiyo. Bi Laini hataona tovuti hata moja!

LAINI: Na wewe utaona nini, mwanangu?

VPN: Yale uliyokuwa ukiyaona wewe.

KUFULI: Siri imehama nyumba tu. Mtandao wa Tor afadhali: hupitisha safari kwenye vituo vitatu, anayemjua mtumaji asijue anakokwenda. Mwendo wake ndio wa pole. Haya, WhatsApp?

WHATSAPP: Tangu Aprili 2016 ujumbe husimbwa kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Maneno siyasomi.

KUFULI: Unajua nini?

WHATSAPP: Nani kamwandikia nani, na saa ngapi. Usiku wa manane, kwa mfano.

NAKALA RUDUFU: Mimi huyapeleka mazungumzo hayo winguni yakahifadhiwe. Kufuli la huko lipo tangu 2021, ila lazima mwenyewe aliwashe. Hajawasha.

PROGRAMU YA MKOPO: Mimi sifichi wala sivujishi. Nilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote simuni, akabonyeza "Ruhusu" bila kusoma. Akichelewa kulipa, nampigia shangazi yake.

KUFULI: Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Ruhusa ya mkopo haikukupa shangazi.

PROGRAMU YA MKOPO: Sheria ipo, mzee. Na kitufe kipo.

HALI FICHE: Mwenyekiti naye ajieleze!

KUFULI: Mwaka 2023 Chrome ilinistaafisha. Watu walinidhania mdhamini wa tovuti, kumbe mimi hulinda njia tu, na tapeli naye ana kufuli lake. Kwa hiyo napendekeza azimio: kila mmoja wetu aandikwe kifuani anaficha nini, na anamficha nani. Mwenye simu asome kabla ya kutafuta, kutuma au kuruhusu. Wanaoafiki?

WOTE: Tunaafiki!

PROGRAMU YA MKOPO: Nami naafiki. Naomba tu ruhusa ya kusoma orodha ya mahudhurio.