Farumi

Wanaousifu mchezo wa mashua za tanga husema unawajenga watoto: mikono inapata nguvu, jicho linajifunza kuusoma upepo, nidhamu inaingia yenyewe. Yote kweli. Wasichotaja ni kwamba baba wa watoto hao hushushwa cheo papo hapo, tena mbele ya wakwe.

Mimi ni mtu wa bara niliyeoa Lamu. Maji mengi niliyoyazoea utotoni ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Desemba, kaskazi ikishaanza kuvuma, shemeji yangu huwachukua wapwa zake baharini, na safari hii mke wangu akaamua twende sote. Mashua yenyewe ndogo, tanga moja la pembetatu kwenye foromali, injini hakuna. Niliuliza breki iko wapi. Shemeji akanitazama kwa huruma. "Mwamu, wewe kaa hapo kati."

Kumbe chomboni kila mtu ana kazi yake. Binti yangu wa miaka 11 akakabidhiwa usukani. Mdogo wake akapewa upo, afue maji ngamani. Mke wangu akashika demani, ile kamba inayoamua tanga libane au lilegee, na kwa namna alivyoivuta na kuiachia nikaanza kuelewa mambo kadhaa kuhusu ndoa yetu. Mimi nikawa farumi, yaani uzito wa kuzuia chombo kisipinduke. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na magunia ya mchanga.

"Baba, joshi!" Natambaa kuelekea upande unakotoka upepo.

"Baba, umezidisha! Rudi!"

Nyumbani mtoto huyu huniomba ruhusa ya kufungua soda.

Nilipolalamika, akanisimulia habari za Laura Dekker, msichana wa Uholanzi aliyezuiwa na mahakama mwaka 2009 asiizunguke dunia peke yake kwa mashua, maana alikuwa na miaka 13 tu. Mwaka uliofuata aliruhusiwa, na Januari 2012 akamaliza, akiwa na miaka 16. Nikauliza alibeba farumi gani. "Hakumbeba baba," akajibu, macho kwenye tanga. Huko ughaibuni watoto wengi huanzia kwenye Optimist, kijimashua cha mita 2.3 alichokibuni Clark Mills kule Florida mwaka 1947. Kinamtosha mtoto mmoja, basi. Nimeitafakari sana hekima ya kipimo hicho.

Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na yakianza kutoka hayamsubiri mtu. Kuhusu nani alitupandisha kwenye fungu la mchanga, hadi leo familia ina maoni manne, na shemeji, ambaye ndiye nahodha, anasema halikuwepo jana. Mashua ikaegama. Simu yangu ikateleza kutoka mfukoni ikaenda ngamani, kijana akaifua pamoja na maji, akaitupa baharini kwa ustadi ambao mjomba wake aliusifu.

Ukikwama maji yakitoka, huna budi kungoja yarudi. Saa kadhaa. Hapo ndipo nilipoiona faida ambayo hakuna anayeihubiri. Mpirani baba husimama pembeni na simu yake. Kwenye kuogelea mama huketi kivulini. Mashuani hakuna pembeni. Tukala sambusa za mama mkwe, tukaanza kuzungumza, na mazungumzo yakaendelea kupita pale yanapokomea kwa kawaida. Kijana akatoboa kwamba haogopi hesabu, anamwogopa mwalimu wa hesabu. Binti akatangaza kuwa hataki tena udaktari, anataka unahodha. Tukacheka hadi mashua ikatikisika. Kisha mke wangu akajipangusa vidole taratibu, akaniuliza zile hela za kuezeka paa zilikwenda wapi.

Nikatazama huku na huku. Fungu lote kavu, lakini kati yetu na kijiji cha Shela kulikuwa na mkondo wa maji, nami kuogelea sijui.

Mashua ilipoelea tena, binti alitufikisha gatini bila kugusa kitu. Shemeji alifurahi, na sasa ananitaka kwenye mashindano: amenipima kwa macho, anasema nafaa kuliko magunia mawili. Nikamuuliza itakuwaje upepo ukilegea katikati ya mbio.

"Farumi humwagwa," akasema.