Kila Mtu Dairekta

Mwaka huu wa 2026, Gredi ya 10 ya kwanza nchini imeingia sekondari ya juu, na Maigizo na Filamu ni somo la kuchagua. Katika kikundi ninachokilea, upande wa Kawangware, wote wamekwisha kuchagua: kila mtu dairekta. Uliza nani atashika maiki, utasikia kikohozi, kisha watakumbuka kazi ya Hisabati. Nairobi Half Life ya 2012 wameitazama mara nyingi, lakini huizima kabla majina ya waliobeba nyaya hayajapita.

Masharti yangu si mengi. Fika mapema, simu iwe na chaji, kamera ikiwaka funga mdomo. Hilo la mwisho ningepaswa kuliwekea jiji zima.

Jumamosi tuliingia taoni, penye sanamu ya Dedan Kimathi. Sheria ya filamu, Sura ya 222, inataka leseni, nasi tulikuwa nayo. Bawabu wa jengo la jirani aliisoma yote, hadi muhuri, kisha akauliza, "Sasa mimi natokea wapi?" Tukampa nafasi ya kupita nyuma. Akapita, akarudi, akapita tena, akitazama kamera kila mara. Siku hiyo aliyekaa alipowekwa ni Kimathi peke yake.

Msichana wetu alitakiwa kulia: baba yake amefukuzwa kazi. Mwanzo mchuuzi alimkatiza kwa "Soksi mia! Soksi mia!" Mara ya pili machozi yalikuja ya kweli, na mama mmoja mpita njia akaweka mfuko wake chini, akamkumbatia.

"Kijana," akamgeukia dairekta, "umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Mama, hii ni filamu tu."

"Filamu! Ndiyo mnaita hivyo siku hizi? Namba ya mamako ni gani?"

Aliwakemea hadi mchuuzi wa soksi akanyamaza. Mshika maiki, aliyepewa kazi hiyo kwa kushindwa kura, hakutikisika. Kila neno lilinaswa safi. Tulipoitazama tena, wote walikubaliana kwamba waigizaji wetu wanne kwa pamoja hawamfikii yule mama. Shida ni kuwa hakuwa ametia sahihi fomu ya ridhaa, na alikuwa ameshaelekea steji ya matatu za namba 46. Dairekta akavua miwani yake ya jua, akatoka mbio na kalamu mkononi.