Jinsi ya Kumfunza Daktari wa Falsafa Kubofya

Katika kila idara ya chuo kikuu yupo mhadhiri mmoja ambaye wenzake humpigia simu usiku kumwuliza maswali ya mtihani yamepotelea wapi. Hakuajiriwa kwa kazi hiyo, wala haimo kwenye mkataba wake. Mwongozo huu ni wake. Chuo kimeshaweka Moodle, jukwaa la kufundishia mtandaoni, waraka wa kuagiza kila kozi iwe mtandaoni umeshatumwa, na sasa kuna wenzake kadhaa, wakazi wa Kisii mjini, Mosocho na Nyakoe, wenye shahada za uzamifu na vitabu vilivyochapishwa, ambao wangechagua kusahihisha karatasi mia tatu kwa mkono kuliko kufungua ukurasa huo. Inawezekana kuwavusha wote. Ila kuna njia, na kuna kupoteza wakati.

Kwanza, usikodi ukumbi wa hoteli. Ratiba ya semina ya hotelini kila mhadhiri wa Kenya anaijua kwa moyo: sala, kujitambulisha, hotuba ya mgeni aliyechelewa, chai na samosa, slaidi zisizoisha, kuku wa mchana, picha ya pamoja, cheti. Jioni kila mtu anarudi nyumbani na cheti cha kulijua jukwaa, na hakuna aliyeligusa. Ubaya wa cheti hicho ni kwamba kinamfunga mtu mdomo. Akishakuwa nacho, ataulizaje tena namna ya kupandisha faili? Ataenda nalo swali lake hadi astaafu.

Tafuta chumba kidogo chenye meza moja. Muwe wawili, na mkizidi sana watatu. Sebule ya mmoja wenu pale Mosocho inatosha, maadamu mtandao unashika. Tena iwe asubuhi, na hili nalisisitiza. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima ya Gusii, na alasiri huteremka ikiwa mvua ya radi. Watu wa huku wamezika jamaa na ng'ombe kwa sababu ya radi hizo. Stima ikipotea katikati ya somo la kwanza, mwanafunzi wako mwenye miaka hamsini na tisa hatailaumu radi. Atailaumu Moodle, na hutamwona tena. Saa tatu asubuhi basi, na simu yenye bando iwe kando kama akiba.

Sasa nani afunze? Si mtaalamu wa kompyuta. Huyo ana kazi yake ya maana, kuhakikisha seva haianguki siku ya CAT, ule mtihani mdogo wa ndani ya muhula, na anaijua vizuri. Lakini anaijua kiasi kwamba hakumbuki tena kutojua kulikuwaje. Mwambie akueleze jambo moja naye atakuonyesha saba, mbiombio, kipanya kikiruka huku na kule. Mkufunzi anayefaa ni yule aliyehangaika muhula uliopita na bado anakumbuka palipomkwaza. Awe pia wa fani ya karibu. Mwalimu wa hisabati anajua taabu ya kuandika milinganyo kwenye kisanduku kilichotengenezwa kwa maneno. Mwalimu wa fasihi anajua kwamba insha haisahihishwi kwa maswali ya kuchagua a, b, c au d. Mtu akiona kwamba anayemfunza ana darasa kama lake, wanafunzi kama wake na mkuu wa idara yuleyule anayedai alama zifike Ijumaa, nusu ya ubishi imekwisha.

Adabu ndiyo inayobeba mengine yote. Ikiwa anayefunza ni mdogo kwa umri, asisahau yuko Gusii: mtu mzima hakosolewi mbele ya watu. Mwite Daktari, au Mwalimu, hata mkiwa majirani mnaokopeshana sukari. Akibofya pasipostahili, sema “turudi nyuma kidogo, Daktari,” usiseme “hapana, si hapo.” Na asionwe na wanafunzi wake akijifunza mpaka yeye mwenyewe atake waone. Wapo waliokataa jukwaa hili kwa miaka kwa sababu tu siku ya kwanza walichekwa.

Utakutana na yule anayesema kwamba masomo ya bila ubao ni ya kuletewa, si yetu. Usibishane naye, mpe historia. Pale ilipo Chuo Kikuu cha Kisii leo palianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1983 kikapandishwa kuwa cha walimu wa sekondari, 1994 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na Februari 2013 kikapewa hati yake. Walimu wa mwanzo pale walijifunza kazi kwa mazoezi ya kufundisha: unasimama mbele ya darasa, mwingine ameketi nyuma na daftari, kisha mnazungumza. Mwalimu wa darasa la tatu kule Nyakoe amepitia hayo. Mhadhiri mwenye shahada ya uzamifu, mara nyingi, hakuna hata siku moja aliyowahi kufunzwa kufundisha. Alifunzwa kutafiti. Kwa hiyo kuketi na mwenzake akaangaliwa anavyofundisha si kushushwa hadhi. Ni kupewa kile alichonyimwa.

Na akiona elimu ya mbali ni mtindo wa vijana, mkumbushe kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, kilikuwa na kitengo kilichowasomesha walimu wasio na vyeti kwa njia ya posta na redio. Kisha mweleze habari za Martin Dougiamas, aliyeitengeneza Moodle. Alikulia jangwani magharibi mwa Australia, na shule yake ya msingi ilikuwa redio ya masafa mafupi, karatasi za kazi zikiletwa kwa ndege. Toleo la kwanza la Moodle alilitoa Agosti 2002. Jukwaa hilo lilitengenezwa na mtoto aliyesoma mbali na mwalimu wake, na ndiyo maana lina uvumilivu mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Tuje kwenye somo lenyewe. Kanuni ni moja na haina msamaha: mkufunzi haruhusiwi kugusa kipanya. Ikibidi, akalie mikono yake. Utatamani sana kuinyakua ile kazi uimalize kwa sekunde nne. Usifanye hivyo. Mwenzako atasema “ahsante, nimeelewa,” na atakuwa hajaelewa kitu.

Wala usimfunze jukwaa zima. Anza na kile anachokichukia zaidi, yaani kusahihisha. Mwambie aje na CAT yake ya muhula uliopita, ile yenye maswali mafupi ishirini, na kozi yake halisi. Usimpe kozi ya mfano yenye majina ya kubuni. Mtu hajifunzi kulima kwenye picha ya shamba. Mwache aandike swali la kwanza mwenyewe, herufi kwa herufi, hata ikichukua robo saa. La pili litachukua dakika tano. Kufikia la sita ataanza kukuuliza kama jukwaa linaweza kuchanganya mpangilio wa majibu ili jirani asimwibie jirani. Linaweza. Mwonyeshe kitufe, na mikono yako ibaki ulipoikalia.

Kisha kutakuja noti. Karibu kila mmoja huja na faili moja kubwa: kurasa zilizochapwa zamani kwa taipureta, zikapigwa picha moja moja, megabaiti arobaini kwa jumla.

“Daktari, hizi ni za mwaka gani?”

“Za tangu niajiriwe. Maarifa hayaozi.”

Hapo usimjibu. Mwombe afanye jambo moja: afungue kozi yake kwenye kivinjari cha simu ya mkononi, kwa bando, si kwa mtandao wa chuo, kisha kwenye menyu iliyo chini ya jina lake ageuze wadhifa wake kutoka mwalimu kuwa mwanafunzi. Nyamaza. Ataona anachokiona msichana aliyepanga chumba kule kwetu, mwenye bando ya shilingi ishirini na simu ya kioo kilichopasuka. Ataona kichwa kinachosema “Mada ya 1”, chini yake faili inayozunguka bila kufunguka, na chini yake wiki kumi na mbili tupu. Uso hubadilika. Mtu aliyejitetea asubuhi nzima hushika simu akauliza kwa sauti ya chini ni vipi ataigawa ile faili iwe vipande vidogo. Katika mafunzo yote haya sijui dakika yenye thamani kuishinda hiyo, na hakuna slaidi iwezayo kuileta.

Kutoka hapo somo linajiendesha. Noti zichapwe upya kama maandishi, si picha. Mada moja, faili moja. Maelezo ya sauti ya dakika tano yanamfikia mwanafunzi kwa bando ndogo kuliko video ya saa nzima. Programu ya Moodle ya simu humwezesha kupakua masomo mahali penye mtandao na kuyasoma nyumbani pasipo nao. Kuna pia jambo la tarehe, ambalo limezua ugomvi usio na sababu: kwenye kazi za kukusanya kuna tarehe ya kukabidhi na kuna tarehe ya kufunga. Ukiweka ya kwanza peke yake, kazi za wachelewaji zitaendelea kupokelewa zikiwa na alama ya kuchelewa. Ya pili ndiyo hufunga mlango. Mwambie mwenzako aamue anataka ipi kabla ya muhula, wala asisubiri usiku wa kukusanya.

Mtu anaweza kuuliza kama hatukujifunza haya yote wakati wa korona. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na ndani ya siku chache vyuo vilikuwa vitupu. KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti ulioanzishwa 1999, ukawapa wahadhiri vyumba vya mikutano ya mtandaoni vya BigBlueButton, na wahadhiri wakafunzana kwa WhatsApp, picha ya skrini kwa picha ya skrini. Ilikuwa kazi ya kishujaa na ninaiheshimu. Lakini ilikuwa ya kuokoa muhula. Mtu alijifunza kuwasha kamera na kuhutubia miraba myeusi, na madarasa yalipofunguliwa wengi wakarudi kwenye ubao kwa furaha. Sasa hakuna dharura, na ndiyo nafasi ya kujifunza kwa utaratibu. Kuanzia 2017, kupitia mpango wa PEBL ulioratibiwa na Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Jumuiya ya Madola, wahadhiri wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda walitengeneza kozi za mchanganyiko, nusu darasani nusu mtandaoni, na kukaguliana kazi kabla ya kuzishiriki. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati. Mwanafunzi wa Mosocho ana pa kulinganisha.

Kuna hofu moja usiicheke kamwe. Mwenzako akikuuliza, “Nikishaweka noti zangu zote humo, watanihitaji kwa nini?”, hilo ni swali la mtu mwenye akili. Wahadhiri wa muda katika vyuo vyetu vya umma wamezoea kungoja malipo kwa miezi, na yule anayefundisha vyuo viwili au vitatu ana haki ya kushuku kitu chochote kinachoweza kufundisha bila yeye. Mjibu kwa vitendo: mwonyeshe palipo ukumbi wa majadiliano, mwache ajibu maswali ya wanafunzi watatu, aone mwenyewe kazi iliyobaki mikononi mwake. Mfunze pia kutoa nakala ya akiba ya kozi yake yote na kuihifadhi kwenye kifaa chake. Na swali la nani mwenye noti lipelekwe kwa chama cha wahadhiri na kwa seneti, kwa maandishi.

Wewe unayefunza nawe usikubali kulipwa kwa shukrani tu. Mwandikie mkuu wa kitivo, uorodheshe majina ya uliowafunza na saa ulizotumia, uombe zihesabiwe kwenye mzigo wako wa vipindi. Chuo kinachotaka kozi mtandaoni bila kumpunguzia mtu hata kipindi kimoja kinataka kazi ya bure, na kazi ya bure hufa mtu akihamishwa.

Aliyefunzwa asikae na ujuzi. Muhula ukianza, wiki ya kwanza, kabla hajasahau palipomkwaza, mpe mtu wake wa kumfunza. Atasema hajawa tayari. Mpe hata hivyo, nawe uwe karibu na simu. Mwanzie na mhadhiri mgeni wa muda, yule wa vipindi vya Jumamosi, na hakikisha akaunti yake imefunguliwa kufikia Alhamisi, maana Jumamosi ofisi ya kompyuta imefungwa.